MJADALA: Uhakiki wa usalama wa kinu cha nyuklia uwekwe hadharani hatua kwa hatua, au tuwaache wahakiki wafanye kazi yao?

Mvuvi wa Mida (mfungua hoja)

Kabla Uyombo haijaachwa kama mahali pa kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia cha Kenya na macho kuhamia Siaya mwaka 2025, nilihudhuria mikutano kadhaa ya kinu huku kwetu Kilifi. Tarakimu zilikuwa zilezile kila mara: megawati 1,000, shilingi bilioni 500, ujenzi uanze 2027, umeme uwake 2034. Mimi nilikuwa nangoja tarakimu nyingine. Hesabu za usalama zitasomwa na watu wangapi, kwa miezi mingapi, na wakikwama mahali mimi nitajuaje kwamba wamekwama? Watu walifika mpaka kupigwa virungu na polisi Mei 2024 wakiandamana kukipinga, na swali hilo bado liko mfukoni mwangu.

Basi hoja yangu naiweka hapa, ipigwe mawe. Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, KNRA, ilizaliwa na sheria ya 2019. Siku itakapopokea ombi la kwanza la kujenga kinu, iwe imekwisha kufungwa na kanuni inayoilazimisha kuweka jedwali la wazi. Liende sura kwa sura ya ripoti ya usalama: sura imepokewa lini, wahakiki wameuliza maswali mangapi, mangapi yamejibiwa, na mpira uko kwa nani, kwao au kwa mwombaji.

Asilimia sitaki, asilimia hudanganya. Tazameni kinu kidogo cha NuScale cha Marekani. Ombi la kuidhinisha muundo wake lilimfikia mdhibiti wao, NRC, siku ya mwisho ya 2016, kurasa kama 12,000. Wahakiki walimaliza Agosti 2020. Kwa asilimia hapo ni mia kwa mia, watu wapige makofi. Lakini ukiifungua kanuni yenyewe ya kuidhinisha, iliyotoka Januari 2023, unakuta mambo matatu hayakufungwa. Moja ni mtikisiko wa maji na mvuke ndani ya mirija ya jenereta ya mvuke. Yalisogezwa mbele yajibiwe na atakayekuja kuomba kujenga. Hakuna kashfa hapo, kwa sababu yaliandikwa mchana kweupe, na ndiyo maana mtu wa Mida anaweza kukaa chini ya mkoko akayajua.

Nani anapinga?

Chalinze Gizani

Mimi napinga, kaka, na naanza na la wazi. Jedwali la nini wakati ombi lenyewe halijaandikwa? Mnafua nguo ambazo hazijashonwa.

La pili ni zito zaidi. Jedwali lako litaonyesha "maswali 400 hayajajibiwa". Wewe utaelewa kwamba wahakiki wanafanya kazi. Jirani yako ataelewa kwamba kinu kina nyufa 400. Kufika jioni picha ya jedwali iko kwenye kila kundi la WhatsApp kuanzia Lamu hadi Vanga, na mhakiki aliyeuliza swali la ziada kwa uangalifu ndiye atakayeonekana ameleta balaa. Safari nyingine ataogopa kuuliza. Hapo umeongeza usalama au umepunguza?

Mpemba wa Ruwais

Salaam. Niko magharibi ya Abu Dhabi, si mbali na kituo cha nyuklia cha Barakah, ila kazi yangu ni mabomba ya mafuta na kinu nakiona kwa mbali tu, kwa hiyo msiniulize siri.

Ndugu wa Chalinze, hiyo hofu yako sisi tumeiishi, lakini kwa upande wa pili wake. Leseni ya kuendesha Barakah iliombwa Machi 2015. Ilitoka Februari 2020, kwa kinu cha kwanza. Mdhibiti wa huku, FANR, alipotangaza alisema ombi lilikuwa na kurasa kama 14,000, wahakiki wake waliomba maelezo ya ziada karibu mara 2,000, na walifanya ukaguzi zaidi ya mara 185. Tarakimu za kutosha kabisa. Ila sisi wa vijiweni tulizisikia mwishoni. Kinu kilitarajiwa kuwaka 2017, mwaka ukapita, ukaja wa pili, na kila mtu akawa na yake. Huyu anasema Wakorea wanaojenga wameharibu zege, yule anasema kuna vita, mwingine anasema pesa zimekwisha.

La zege halikuwa uongo mtupu: Desemba 2018 wenye mradi walikiri kwamba mapengo yalipatikana kwenye zege la majengo ya kinu cha pili na cha tatu. Lakini sababu nyingine ilikuwa ya kawaida mno, waendeshaji wenyewe walikuwa hawajawa tayari na hawajakamilisha vyeti vyao. Hiyo hairushwi kwenye WhatsApp, haina utamu. Lau kungekuwa na safu inayosema "mpira uko kwa mwendeshaji, mafunzo", nusu ya maneno yale yasingepata pa kuota.

Kwa hiyo mimi niko na Mvuvi, ila na shaka moja: nani atalisasisha jedwali hilo baada ya mwezi wa tatu? Tovuti za serikali zetu nazijua. Habari mpya kabisa ni salamu za Idi ya mwaka juzi.

Wakili Mpenda Pweza

Chalinze anaogopa kijiji. Mimi naogopa ikulu, na hapa sisemi ya Kenya peke yake.

Ukishaweka jedwali, mtu ataongeza safu ya tarehe. Ukishaweka tarehe, jedwali limegeuka saa ya mbio, na saa hiyo hushikwa na mkubwa. Marekani, ambako mnatoa mifano, NRC huweka hadharani ratiba ya kila ombi kubwa na hatua zake. Safi. Halafu Mei 2025 ikaja amri ya rais: ombi la kujenga na kuendesha kinu kipya liamuliwe ndani ya miezi 18. Kinu cha kampuni ya TerraPower kule Kemmerer, Wyoming, kilikuwa kimepangiwa uhakiki wa miezi kama 27. Tathmini ya usalama ikakamilika Desemba 2025, miezi kama 18 tu tangu ombi lipokewe rasmi. Labda walikuwa wepesi kwa haki, maana muundo ulikuwa umejadiliwa na wahakiki kwa miaka kabla ya ombi kuingia. Labda. Jedwali halikuambii. Linakuambia wamewahi, na kila mtu anashangilia kuwahi.

Halafu tuje Afrika hii, maana tunajadili kana kwamba bara zima halina kinu. Kituo cha nyuklia cha Koeberg, Afrika Kusini, kiko kilomita kama 30 kaskazini ya Cape Town, kinafanya kazi tangu miaka ya themanini. Leseni ya kinu chake cha kwanza ilikuwa ifikie mwisho 21 Julai 2024. Eskom, shirika la umeme la huko, ikaomba miaka 20 ya nyongeza. Tarehe ilijulikana na kila mtu, kuanzia waziri hadi muuza samaki. Uamuzi wa kuongeza ulitoka siku chache tu kabla ya hiyo tarehe. Sisemi wahakiki walikosea, na kinu cha pili walikitenga wakakiamua mwaka uliofuata, jambo la busara. Ninachosema ni kwamba kila mtu aliiona saa, na saa haikumlinda yeyote.

Maana aliyehitaji kulindwa alikuwa mtu. Bodi ya mdhibiti wa kule, NNR, ina kiti cha mwakilishi wa jamii. Aliyekikalia, Peter Becker, alikuwa mkosoaji wa nyuklia. Waziri akamwondoa mwanzoni mwa 2022, wakati maandalizi ya uhakiki wa Koeberg yanapamba moto. Alikwenda mahakamani, na Januari 2023 mahakama ikasema kuondolewa kwake hakukuwa halali. Hiyo ni karibu mwaka mzima nje ya chumba.

Kwa hiyo, Mvuvi, kabla ya jedwali nataka sheria inayosema mhakiki hafukuzwi kwa sababu ya swali lake. Jedwali bila hiyo ni kioo cha dirisha kwenye nyumba isiyo na mlango.

Baba Chausiku

Na magaidi je? Mnawachorea ramani.

Mvuvi wa Mida

Baba Chausiku, shikamoo. Mpango wa ulinzi, yaani walinzi wangapi, uzio wapi, mafuta ya nyuklia yanapita njia ipi, huo ukae kabatini na siuombi. Hata Marekani haumo kwenye karatasi za wazi. Ninaloliomba ni kujua kwamba sura ya mfumo wa kupoza ina maswali 12 na 9 yamejibiwa. Gaidi atafanya nini na 9?

Chalinze, swali lako la nyufa 400 limenikosesha usingizi kidogo, nakiri. Lakini tazama ya Oklo, kampuni ya vinu vidogo. Hao waliomba leseni Marekani Machi 2020, na Januari 2022 NRC ikalikataa ombi. Kulikuwa na makelele kwamba mdhibiti ni mzito na anaua ubunifu. Barua ya kukataa ilisema kampuni haikutoa maelezo yaliyoombwa. Mpira ulikuwa kwao. Ningekuwa mimi ndiye mhakiki wa KNRA, ningelitaka jedwali lile kuliko mtu mwingine yeyote, maana siku mbunge ananifokea kwamba nachelewesha maendeleo, ningemwonyesha safu moja tu nikanyamaza.

Wakili, wewe nakupa nusu. Tarehe za mwisho naziondoa kwenye pendekezo langu, naacha tarehe za kilichotokea tu. Kuhusu mlango wa nyumba, sawa, ila milango yetu hujengwa na walewale wanaoivunja. Dirisha angalau wapita njia huona mvunjaji.

Chalinze Gizani

Umeondoa tarehe! Sasa mwekezaji atakopa benki kwa kutumia nini, kwa dua?

Wakili Mpenda Pweza

Kwa ratiba anayokubaliana na mdhibiti kwa maandishi, kama biashara nyingine yoyote. Hiyo si lazima iwe bango la barabarani.

Nyar Rarieda

Nimewasoma wote tangu asubuhi, na nacheka peke yangu. Mnagombania safu za jedwali la kinu kinachokuja kwetu, na hakuna aliyeuliza sisi tunataka safu gani.

Mimi ni muuguzi, Rarieda, huku Siaya. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu nchi nzima nilikuwa zamu. Tulizalisha mama wawili kwa tochi za simu kabla ya jenereta kukubali kuwaka. Mwaka huohuo ukakatika tena, zaidi ya mara moja. Kwa hiyo mnaponiambia "usalama wa kinu", akili yangu haiendi kwenye mionzi kwanza. Nimesoma ya Fukushima ya 2011. Tetemeko lilikata umeme wa nje, tsunami ikazamisha majenereta, na vinu vilivyokuwa vimekwisha kuzimwa vikayeyuka kwa kukosa umeme wa kusukuma maji ya kupoza. Kinu kikizimwa bado kina joto siku nyingi, kinahitaji umeme wa kutoka kwa watu wengine. Watu hao ni gridi yetu ile, mtandao wa umeme wa taifa.

Na kuna la pili. Kilele cha matumizi ya umeme nchini kimepita megawati 2,300 juzijuzi tu. Ukichomeka mtambo mmoja wa 1,000, siku ukidondoka ghafla unaondoka na sehemu kubwa ya gridi, na gridi ikianguka kinu kinakosa umeme wa nje saa ileile kinapouhitaji. Hilo ni swali la usalama ama la umeme? Kwenye jedwali la Mvuvi linaingia sura gani? Naona sura zote ni za mwombaji. Amepanga yeye, anajibu yeye, tunahesabu majibu yake.

Nataka safu ya maswali ya watu. Mvuvi wa omena akiuliza maji ya moto yatatoka upande gani wa ghuba, swali lipewe namba kama la mhandisi, liandikwe kwa Dholuo na Kiswahili, na lisifungwe mpaka ajibiwe yeye. Tena lisijibiwe kwa "maoni yako yamezingatiwa". Hayo "yamezingatiwa" tumeyala mpaka tumevimbiwa.

Mpemba wa Ruwais

Mashallah. Dada, huku Barakah swali la maji ya kupozea liliulizwa pia, maana Ghuba ya Uajemi yenyewe tayari ni ya moto. Lakini sikumbuki kuliona na namba.

Mvuvi wa Mida

Nyar Rarieda, nimesimama wima. Pendekezo langu nalirekebisha hapahapa: swali la mwananchi lina namba, lina lugha yake, na haki ya kulifunga ni ya aliyeuliza. Gridi nayo iwe na sura yake. Ibara ya 35 ya Katiba inatupa haki ya habari, na sheria ya 2016 ya kupata habari inasema jinsi ya kuidai. Wakili atusaidie kuandika.

Wakili Mpenda Pweza

Nitaandika. Lakini "haki ya kulifunga ni ya aliyeuliza" haitapita hata saa moja, maana mtu mmoja mkaidi atazuia kinu milele. Aliyeuliza apewe haki ya kusema hajaridhika, na maneno yake yabaki pale chini ya jibu, yasifutwe. Hilo naweza kulitetea mbele ya jaji.

Nyar Rarieda

Nakubali hilo, kwa shingo upande. Basi niulize la mwisho kabla sijaingia zamu. Ile safu ya "mpira uko kwa nani": nimeona mmeandika mwombaji, na mmeandika mhakiki. Siku mpira ukiwa kwa waziri, kuna mtu atakayeruhusiwa kuandika hivyo?