Betri ya pikipiki imekata kauli: niichaji, au ninunue ya maji, kavu au lithiamu?

KikiTatu (mleta mada)
Wakuu, salaam. Leo asubuhi nimefungua swichi, taa za dashibodi zimekuja kinyonge, nimebonyeza stata nikasikia tk-tk-tk-tk, kisha giza. Betri imekufa. Ijumaa nina safari ndefu, nataka kulimaliza hili kabla. Nina njia nne kichwani: kuichaji hiyohiyo, kununua ya maji, kununua kavu, au kujilipua na lithiamu ambayo kila mtu anaisifia. Nichukue ipi? Naomba jibu moja, si hotuba.

MzeeSpana
Swali la nusu halina jibu zima. Pikipiki ina kiki au stata tu? Kabureta au injeksheni? Betri ina umri gani? Umefunga vikorokoro gani vya ziada? Na ilisoma volti ngapi kabla hujaitangaza marehemu?

UpepoMkali
Lithiamu mkuu, funga macho chukua. Yangu naibeba kwa vidole viwili, ile ya zamani ilikuwa kama tofali. Na stata inapiga kwa hasira. Habari ya betri za risasi, hizo za maji na kavu, iliisha zamani.

BintiKlachi
Mtu hajui hata volti zake, wewe tayari unamuuzia lithiamu 😂

KikiTatu, hiyo tk-tk-tk ni rilei ya stata, ile swichi inayoipelekea stata umeme. Inashika, stata inavuta umeme mwingi, volti zinaporomoka, rilei inaachia, volti zinapanda, inashika tena. Betri dhaifu hufanya hivyo, lakini hata nati iliyolegea hufanya hivyohivyo. Toa siti, shika nyaya za betri utikise. Mimi nilishawahi kununua betri mpya bure kabisa, kumbe waya wa hasi ulikuwa unacheza, na chini ya nati kumeota unga mweupe kama chumvi. Msasa na spana namba 10, dakika tano.

KikiTatu
Nyaya zimekaza, nimeangalia. Kabureta. Kiki ipo ila inateleza, haishiki (najua, jina langu linanidhihaki). Umri wa betri sijui, nilinunua pikipiki ikiwa nayo. Imeandikwa YTX5L-BS. Mita sina, naenda kuazima.

PlagiChafu
Kama ni ya zamani iongeze maji tu, ikae kwenye chaji usiku kucha, itaamka. Wengi wanatupa betri nzima.

MzeeSpana
PlagiChafu, hapo umempoteza. Hiyo ni betri kavu, haiongezwi maji, haina hata vifuniko vya kufungua. Zile herufi BS mwishoni zina maana kwamba inauzwa tupu pamoja na chupa yake ya asidi. Unaijaza mara moja tu, unabana kifuniko chake kirefu, basi. Haifunguliwi tena mpaka inakufa. Ukiona mtu anaichokonoa kwa bisibisi, mnyang'anye bisibisi.

PlagiChafu
Sasa kama inajazwa asidi, inaitwaje kavu?

MzeeSpana
Jina la mtaani tu. Ndani kuna asidi, lakini imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo uliobanwa katikati ya sahani za risasi, kwa hiyo haichezi wala haimwagiki. Ya maji, asidi inaelea humo ndani unaiona kupitia ubavuni. Kemia ni ileile ya yule Mfaransa, Gaston Planté, mwaka 1859. Ukubwa tu ndio umepungua.

Tairi_Kipara
Ngoja nieleze yangu, maana neno "maji ya betri" liliniachia kovu.

Nilikuwa na betri ya maji. Ubavuni ina mistari miwili, juu na chini, na seli mbili zilikuwa zimeshuka chini ya mstari wa chini. Jamaa mmoja akaniambia nunua maji ya betri uongeze. Nikaenda, nikasema "nipe maji ya betri", nikapewa chupa, sikusoma kitu. Nikafungua vile vifuniko sita, nikamimina mpaka mstari wa juu, nikajipongeza. Siku chache za mwanzo stata ilikuwa inapiga kuliko siku ilipokuwa mpya, nikaenda kumshukuru jamaa.

Kumbe ile chupa ilikuwa asidi. Maji ndiyo yaliyokuwa yamepungua, asidi yote ilikuwa bado imo ndani, na mimi nikaongeza asidi juu ya asidi. Sahani zililiwa. Mwezi haukuisha, betri ikawa inachemka ikichajiwa na chini kumejaa tope la kijivu. Si hayo tu. Wakati naifunga niliukunja ule mpira mwembamba wa kupumulia, hewa ikakosa pa kutokea, ikawa inatoka na vitone pale kwenye vifuniko. Rangi ya fremu ikavimba na kubanduka kama ngozi ya malengelenge, mnyororo ukashika kutu upande mmoja. Na suruali yangu nzuri ya jinzi! Ilikuwa nzima siku ile, sikuona kitu. Nilipoifua ndipo ikatoka na matundu mapajani, kama imeliwa na panya.

Kwa hiyo mimi ya maji simshauri mtu. Kavu, mchezo umeisha.

BintiKlachi
Pole sana, ila hapo kosa si la betri ya maji. Kosa ni la Kiswahili chetu cha dukani. Tunaita vyote viwili "maji ya betri". Ya kuongezea ni yale maji yaliyokenekwa, hayana chumvi wala asidi. Ukienda dukani sema "ya kuongezea, siyo asidi", na chupa uisome.

Tairi_Kipara
Yaliyokenekwa 😂😂 ukilisema hilo dukani watakuitia mkalimani.

UpepoMkali
Lithiamu haina maji, haina asidi, haina mpira wa kupumulia. Nasema tu.

MzeeSpana
Ina masharti yake, sema na hayo. Usiichaji kwa chaja yenye hatua ya kufufua betri ya risasi kwa mapigo ya volti kubwa, utaiua. Ukiiacha ikaishiwa kabisa, nyingi hazirudi. Kwenye baridi kali inaamka kwa uvivu, mpaka uwashe taa kwanza ipate joto. Na kama regyuleta yako, kile kifaa cha kudhibiti volti za chaji, inapitisha volti kupita kiasi, ya risasi itachemka taratibu ukiwa na muda wa kugundua. Lithiamu haina subira hiyo. Huyu bwana hatujui hata mfumo wake wa chaji ukoje.

UpepoMkali
Mwaka wa tatu huu, sijawahi kuona hayo.

Gia_ya_Nne
Mnahangaika. Mimi ya kwangu haina betri kabisa. Nilitoa, nikafunga nyaya kwa utepe, napiga kiki naondoka.

BintiKlachi
Indiketa zako zinafanyaje?

Gia_ya_Nne
Zinawaka nikivuta mafuta 😅 Natumia mkono.

MzeeSpana
Inawaka kwa sababu CDI yako, kile kiboksi kinachotoa umeme wa cheche ya plagi, inapata umeme wake kutoka koili iliyoko pembeni ya injini, haitegemei betri. CDI nyingine zinakula kwenye betri, hizo hata upige kiki mpaka kesho huondoki. Injeksheni ndiyo usijaribu kabisa, pampu ya mafuta inataka umeme kabla ya cheche. Na hata hiyo yako, betri ndiyo inayomeza volti zinazorukaruka. Ukiitoa zinaishia kwenye balbu. Umeshabadilisha balbu ngapi?

Gia_ya_Nne
Tusiingie huko mzee.

Tairi_Kipara
Za kwangu zilikuwa zinaungua kila mwezi mpaka nikazoea kutembea na balbu mfukoni kama pipi.

KikiTatu
Nimerudi na mita. Jana jioni niliisukuma nikiwa gia ya pili, nikaachia klachi, ikawaka, nikazunguka nayo kama dakika 20 ili ichaji. Usiku nikaiweka kwenye chaja ya jirani, ya gari. Asubuhi hii imepumzika kwa muda wa saa tatu, inasoma 10.6. Nikibonyeza stata inashuka hadi 6. Mbona haijapanda?

BintiKlachi
Chaja ya gari ya ampia ngapi?

KikiTatu
Imeandikwa 6A.

BintiKlachi
Eeeh. Kabetri kama hako kanataka nusu ampia hivi, sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Umempa mtoto mchanga sufuria zima.

MzeeSpana
Chaja haikusaidia, lakini 10.6 inasema zaidi ya hapo. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikiwa imejaa inatoa kama 2.1. Piga hesabu ya seli tano: 10.5. Betri iliyochajiwa usiku kucha ikagoma hapo, mara nyingi seli moja imeshafunga, yaani sahani zake zimegusana. Hiyo huichaji wala huifufui. Iliyojaa na kupumzika ungeona 12.6 mpaka 12.8, kavu nzuri hata zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu. Ukibonyeza stata isishuke chini ya 10 hivi.

Na zile dakika 20 za kuzunguka, kwa taa kuwaka na mwendo wa pole, injini ndogo haijazi betri iliyokauka. Zinatosha kurudisha ulichokula kwenye stata.

PlagiChafu
Kwa hiyo ni kununua. Mimi kwenye ya maji sitoki. Inavumilia chaji ikizidi kidogo, na unaiona kwa macho maji yakipungua. Kavu inakufa bila kukuaga.

Tairi_Kipara
Inavumilia nini na matundu ya suruali yangu?

KikiTatu
Sawa, kununua. Nimepita dukani, YTX5L hakuna. Wana YTX7L-BS, muuzaji anasema ni ileile ila ina nguvu zaidi. Nichukue?

BintiKlachi
Kitako ni kilekile, milimita 114 kwa 71. Urefu ndiyo kesi: ya kwako ni 106, hiyo ni 131. Pima kwa rula nafasi ya chini ya siti kabla hujalipa. Siti ikiibana, ncha ya chanya ikagusa bati la chini ya siti, utaona moto mchana kweupe. Nashukuru angalau ana herufi L, chanya iko kulia kama yako. Angekupa YTX7A ungekuta chanya iko kushoto na boksi ni pana, waya haufiki.

MzeeSpana
Na akiijaza asidi hapo dukani usiifunge papo hapo. Iache nusu saa inywe, kisha ichajiwe taratibu kwa chaja ndogo. Ukiifunga mbichi hutapata uwezo wake wote hata baadaye. Unapotoa ya zamani anza na hasi, unapofunga mpya malizia na hasi. Spana ikigusa fremu ukiwa kwenye chanya zitaruka cheche.

Ila kabla ya pesa kutoka: niliuliza vikorokoro, hukujibu.

KikiTatu
Aah. Kuna alamu, na kifaa cha kufuatilia pikipiki ikiibwa. Aliyeniuzia alivifunga. Na mara nyingi hukaa wiki nzima bila kuendeshwa.

UpepoMkali
😂😂😂 Siku zote hizo hukusema.

BintiKlachi
Ndiyo muuaji huyo. Toa waya wa hasi, weka mita kwenye ampia katikati ya waya na ncha, swichi ikiwa imezimwa. Miliampia chache ni kawaida. Ukiona makumi, kabetri kadogo hivyo hakamalizi wiki. Na usibonyeze stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita ya watu.

MzeeSpana
Anaweza kuwa muuaji, anaweza kuwa regyuleta. Ukiiwasha, kwenye betri inasoma ngapi?

KikiTatu
Taratibu 12.1, nikivuta mafuta 12.9 haizidi.

PlagiChafu
Regyuleta hiyo. Inatakiwa 13.5 mpaka 14.5.

BintiKlachi
Si lazima. Betri yenye seli iliyofunga inavuta kila kinachoingia na kuzishusha volti. Hapo unapima ugonjwa wa betri, hupimi chaji.

PlagiChafu
Au koili. Nishaona koili iliyoungua inasoma hivyohivyo.

MzeeSpana
Wote mnaweza kuwa sahihi. Azima betri nzima, funga, pima tena. Hakuna njia nyingine.

KikiTatu
Kuna rafiki anaweza kuniazima ya kwake leo jioni. Yake ya maji. Ijumaa ni keshokutwa 😩

UpepoMkali
Lithiamu inafika kwa siku moja.

HoniYaUsiku
Samahani naingilia. Honi yangu inalia nikikata kulia tu, kushoto kimya. Nayo ni betri?

Gia_ya_Nne
Waya umekatika pale shingoni mwa usukani. Au kata kulia tu, mbona rahisi.