Kutumia AI kupunguza msuguano kwenye beringi za injini, nianzie wapi?

kijana_makenika: Wakuu habari za jioni, niko mwaka wa nne makenika, projekti yangu ni AI ya kupunguza msuguano na kulika kwa beringi za injini. Nimeshusha data ya bure ya chuo kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, modeli inatambua beringi mbovu vizuri mpaka naogopa. Supavaiza kaangalia kaniuliza "sasa hapa msuguano unapungua wapi?" nikabaki natoa macho. Nisaidieni

SpanaKumi: Hajakuonea dogo 😂 ile data ni ya beringi za gololi kwenye mota ya umeme, na ubovu wenyewe waliutoboa makusudi. Kwenye gari beringi za meni (zinazoshika krenki, shafti kuu ya injini) na za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ni vibati vya nusu duara, injini ikishawaka krenki haigusi kibati, inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Mi nikifungua injini iliyonoki mara nyingi nakuta uchafu umejikita kwenye kibati au oili ilikuwa haifiki, sasa AI itakumwagia oili?

mama_tribo: Fundi yuko sawa ila asikuvunje moyo. Huo utando una hesabu yake, mlinganyo wa Reynolds tangu 1886, tabu ni kwamba ukiingiza joto, krenki kupinda na mzigo unaobadilika kila mlipuko, kompyuta inakesha. Hapo ndo AI ina kazi: piga hesabu mia kadhaa kwa mianya tofauti kati ya krenki na kibati na oili tofauti, ifundishe modeli ikisie majibu, halafu itakutafutia vipimo vizuri chapchap. Ila usiiambie itafute msuguano mdogo tu, itakuchagulia oili kama maji 😅 Oili nyepesi kama 0W-16 inapunguza msuguano kweli lakini utando nao unakonda, ukizidisha chuma kinasagana na chuma. Iambie unene wa utando usishuke chini ya kiwango fulani

SpanaKumi: Hapo nimekuelewa dada. Na asisahau kuwasha, krenki ikisimama inalala juu ya kibati, ndo maana hizi gari zinazojizima zenyewe kwenye foleni zinataka vibati vilivyopakwa tabaka maalumu

kijana_makenika: Kwa hiyo data ya gololi nifute?

mama_tribo: Futa. Anza na beringi moja, mzigo usiobadilika, ukifaulu ndo uende konrodi