Mnatushona vizuri, mnaturudisha nyumbani bila maelezo, kisha kidonda kikioza mnatuita wachafu

Wanajamvi, nina hasira na sitazificha. Dadangu amejifungua kwa upasuaji katika hospitali moja hapa Mombasa, jina naliacha. Upasuaji wenyewe sina neno nao: mtoto mzima, mama mzima, Mungu awazidishie waliomhudumia. Kilichonichoma roho ni siku ya kuruhusiwa. Kitanda kilikuwa kinatakiwa, mwengine anasubiri kwenye benchi, basi tukakimbizwa: lipeni, chukueni dawa, nendeni. Karatasi imeandikwa kwa mwandiko wa mbio, chini kabisa "TCA 2/52". Nyumba nzima hakuna aliyejua kwamba hapo anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Na kuhusu kidonda? "Usikilowanishe." Mpaka lini, hakuna aliyesema.

Sasa jamani, sote tunajua mzazi wa Mombasa akifika nyumbani anafanywa nini. Anakandwa kwa maji moto, anafungwa mkaja, anafukizwa udi, anapakwa liwa. Manesi wa hapa wanalijua hili, wengi wao wamekandwa wenyewe. Nani alimwambia mama mkwe wa dadangu kwamba tumbo lenye mshono mbichi halikandwi? Hakuna! Alimkanda kwa mapenzi, kama alivyowakanda wanawe wote, akamkaza mkaja juu ya bandeji na joto hili la Kisauni, jasho likalala humo humo. Jirani naye akaleta kapsuli za antibiotiki, zikafunguliwa, unga ukanyunyizwa juu ya mshono. Kidonda kikawa chekundu, kikavimba, kikaanza kutoa maji yenye harufu, na upande mmoja ukafumuka.

Tuliporudi, neno la kwanza tuliloambiwa, mbele za watu: "Nyinyi nyumbani mna uchafu." Dadangu alilia mpaka akashindwa kumnyonyesha mtoto.

Uchafu gani? Mhudumu wa afya wa mtaani kwetu alikuja kutueleza yote, na chai aliyoandaliwa haikuwahi kupoa. Bandeji ya kwanza iachwe kavu kama saa 48. Baada ya hapo, kama hukukatazwa, unaoga kwa maji safi ya kutiririka, kisha unakausha kidonda taratibu kwa kitambaa safi bila kusugua. Kukaa kwenye beseni au kuingia baharini ni mpaka kipone. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukigusa na baada yake. Spiriti na haidrojeni peroksaidi hazimwagwi kidondani, zinaunguza nyama mpya. Poda, liwa, manjano, unga wa kapsuli, vyote viwe mbali.

Na asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Hili lingesemwa mbele ya mume! Mitaa yetu mingi mifereji hukauka, na anayebeba mitungi ya lita 20 ni mwanamke. Mumewe hakuambiwa, angejuaje?

Dalili za hatari nazo ni chache tu: wekundu unaotambaa, joto, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, harufu, homa, mshono kuachia. Ukiona mojawapo unarudi siku hiyo hiyo, hungoji tarehe ya kliniki. Na maambukizi ya kidonda cha upasuaji yanaweza kujitokeza hata ndani ya siku 30, wakati mgonjwa yuko kwake na hakuna daktari wa kumtazama.

Najua manesi ni wachache na zamu ni nzito. Lakini kidonda kilichooza kinarudi kwao hao hao, kinawala siku na dawa, nasi tunalipa tena. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi, basi karatasi moja ya Kiswahili chenye kusomeka ina ugumu gani? Na kabla mgonjwa hajavaa buibui lake aulizwe: nani atakuosha nyumbani? Huyo aitwe ndani aelezwe, badala ya kuachwa nje akilinda mabegi. Mpeni na namba ya simu ya wodi, na ikipigwa ipokelewe.

Manesi na madaktari mlio humu, nijibuni: mgonjwa akiruhusiwa, kumweleza habari ya kidonda ni kazi ya nani hasa? Sisi aliyezungumza nasi kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa karani wa malipo.