Kuongea kama Muha si kosa la jinai. Acheni kutupima uraia kwa R na L

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la vichekesho wala msiuunganishe na zile nyuzi za "makabila na vituko vyao". Sijaja kuchekesha mtu leo. Nimechoka.

Mimi ni Muha wa Kasulu, mkoani Kigoma. Huhitaji kuniuliza, nikitamka sentensi mbili umeshajua. R inaingia palipotakiwa L, sauti inapanda na kushuka tofauti na ya Mzaramo, basi. Sina tatizo na kujulikana. Nchi hii kila mtu anajulikana kwa ulimi wake. Mnyakyusa atakwambia "fitu" badala ya vitu, Mpemba hata akiishi Kariakoo miaka yote utamtambua kabla hajamaliza salamu, Mkurya akiongea kwa upole unadhani anagombana. Tunataniana, tunacheka, maisha yanaendelea.

Tofauti ni hii: mwenzangu lafudhi yake ikisikika anaulizwa mkoa. Ya kwangu ikisikika naulizwa nchi.

Juzi nilikuwa kwenye basi kutoka nyumbani kurudi Dar. Kwenye kizuizi kimoja (sitataja ni wapi wala ni watu wa idara gani, wenyewe wanajijua) wakapanda wakaguzi wawili. Siti ya mbele yangu kuna mzee wa Buhigwe, themanini na ushee huyo, kanzu safi, bakora, anakwenda kumuona mjukuu wake aliyejifungua. Wamepita kwa abiria kama kumi hivi, "habari yako, unaenda wapi," wanaendelea. Wamefika kwa mzee, akajibu "naerekea Daresaramu, mwanangu." Hapo hapo sura zikabadilika. Wewe mzee ni Mrundi.

Mzee akafungua bahasha ya kaki. Wakuu, ile bahasha ndiyo iliyoniuma kuliko kitu chochote. Mle ndani kulikuwa na kadi ya mpiga kura, ya sasa na zile za zamani zote, barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri, na karatasi imekunjwa hadi imekatika kwenye mikunjo, ya enzi alipokuwa anakata mkonge Tanga. Vyote kavisha nailoni. Mtu wa kawaida akienda kuona kitukuu anabeba khanga na sukari. Huyu kabeba ushahidi.

Karatasi hazikutosha. Mmoja wao, kijana ambaye mzee angeweza kuwa babu yake, akasema "haya, imba wimbo wa taifa." Mzee akasimama katikati ya basi, akavua kofia, akaimba beti zote mbili. Basi zima kimya, hata konda aliyekuwa anapiga kelele mlangoni alinyamaza. Na kwa taarifa yenu, kauchunguzeni: wimbo wetu wa taifa hauna L hata moja. Anza "Mungu ibariki Afrika" hadi "watoto wa Tanzania", hakuna. Kwa hiyo mtego wake haukunasa kitu. Mzee aliimba vizuri kuliko wengi wetu tunaotafuna maneno uwanjani Taifa Stars ikicheza. Akaambiwa "kaa chini", hakuna hata samahani. Wakashuka.

Sasa ngoja niwaeleze, maana najua kuna watakaokuja hapa na "mkuu, ni usalama wa nchi".

Kwenye Kiha, R na L hazitofautishi neno. Mtoto wa Kasulu anakutana na tofauti hiyo shuleni, ulimi umeshakomaa. Kirundi nacho kiko hivyo hivyo, kwa sababu Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, tunaelewana bila mkalimani. Hilo halikuanzishwa na wakimbizi. Mipaka ndiyo iliyotukuta tunaongea hivyo. Mjerumani aliitawala Ruanda-Urundi pamoja na Tanganyika kama koloni moja. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaingia Kigoma, wakakaa mpaka 1921 ndipo wakawaachia Waingereza. Wazungu wamekaa mezani wakachora mstari, leo mjukuu wa Heru, utawala wa jadi wa Waha, anaambiwa ulimi wake umevuka mpaka!

Naelewa wakimbizi wapo. Kambi ya Nyarugusu iko wilayani kwetu, hunifundishi. Mpaka ulindwe, sawa, nani amekataa? Lakini hicho kipimo chenu cha lafudhi ni kibovu hata kwa kazi mnayodai kinafanya. Chukua kijana aliyezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo au Ulyankulu, wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972. Kasoma shule zetu toka darasa la kwanza, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. (Na wengi wao ni raia kabisa sasa, serikali iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000, kwa hiyo nao waacheni.) Huyo kwenye basi anapita akipunga mkono. Anayenaswa ni mzee wa Buhigwe ambaye babu zake wote wamezikwa hapo hapo kijijini. Kipimo kinachomwachia unayemtafuta na kumkamata mwenye nyumba, hicho ni kipimo gani?

Halafu tuzungumzie na hao wenye Kiswahili "safi". Dar nzima inasema zahabu, zambi, selasini, ela. Watangazaji wa redio, watu wanaolipwa mshahara kwa ajili ya kuongea, wanatuambia "razima" na "radha" kila asubuhi. Nani amewahi kuwasimamisha awaulize cheti cha kuzaliwa? Hicho Kiswahili sanifu chenyewe ni lahaja ya mji mmoja, Kiunguja cha mjini, kilichopitishwa kwenye kikao cha Mombasa mwaka 1928, na Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe, kikaachwa pamoja na mashairi yake yote. Wamakunduchi wana Kiswahili chao na wako kisiwa hicho hicho, ukiwasikia wakiongea wao kwa wao hutoki na kitu. Mbona hatuwaiti wageni?

Na kinachokera zaidi ni kwamba mnautupia jicho hilo mkoa wa Kigoma, ambao una Ujiji! Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta wafanyabiashara wa pwani wameshaweka makazi. Kiswahili kilipandia mitumbwi pale kikaenda Manyema, kikawa Kingwana cha Kongo. Kigoma ilikuwa inasafirisha Kiswahili nje wakati mikoa mingi inayotucheka leo ilikuwa haijakisikia. Ingawa nikiri, hata hao wa Ujiji nao wakitusikia Waha wa milimani wanaziba midomo wasicheke. Nao nina kesi nao, siku nyingine.

Mzungu akikaa Moshi miezi mitatu, akasema "mimi nataka kula chakula mzuri", tunampigia makofi, anarekodiwa, anasambazwa kila kona. Kila tarehe 7 Julai tunavaa vitenge tunajisifu Kiswahili ni lugha ya dunia. Dunia ipi hiyo ambayo Wajapani wamo na Kibondo haimo?

Wenye Biblia fungueni Waamuzi 12. Wagileadi walikaa kwenye vivuko vya Yordani, kila anayetaka kuvuka wanamwambia sema "Shibolethi", akisema "Sibolethi" kwisha habari yake. Waefraimu 42,000. Yule kijana kwenye basi hakuwa na upanga, lakini kazi aliyokuwa anaifanya ni ile ile.

Sheria ya Uraia, Sura 357, ipo. Isomeni. Inazungumzia kuzaliwa, wazazi, tajnisi. Haina kifungu cha matamshi. Ofisa anayetaka kujua uraia wa mtu aangalie nyaraka, akizitilia shaka afuate utaratibu wa kuzihakiki, siyo kumsimamisha mzee wa watu mbele ya abiria sitini aimbe kama mtoto wa chekechea.

Nataka kusikia kutoka kwa watu wa Kigoma, Ngara, Karagwe na kwingineko mpakani: imewatokea wapi, na mlifanyaje? Aliyewahi kupeleka malalamiko kwa maandishi na akajibiwa aje atueleze alianzia ofisi gani, maana namba ya mjukuu wa yule mzee ninayo na tuna nia ya kuandika.

Na wewe unayejiandaa kucomment "mkuu punguza hasira, kwani bado mko Tanzania?", nimeshakuona. Weka kwanza hapa sauti yako ukitamka "dhahabu thelathini na tatu za ghalani" ndipo tuendelee.