Mbwa wa kuchunga kwa ajili ya ajiliti: Border Collie, Aussie au Sheltie?

mbio_za_asubuhi
Habari zenu wakuu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Mwaka mzima huu nimekuwa nikimpitisha mbwa wangu wa miaka 9 (mchanganyiko tu) kwenye vizuizi vidogo nilivyojitengenezea na mchezo wa ajiliti (mbwa anakimbia kupita vizuizi huku mwenye mbwa akimwongoza) nimeupenda kupita maelezo. Sasa yeye viungo vimeanza kumsumbua, nimeamua apumzike, nataka kuchukua mtoto wa mbwa na awe kwenye hizi jamii za kuchunga kondoo maana kila video ya mashindano naona Border Collie tu. Wamebaki watatu kichwani: Border Collie, Australian Shepherd (Aussie) na Sheltie. Nafanya kazi nyumbani, matembezi ni kama saa moja na nusu kwa siku, na nina watoto wawili wadogo ambao kutwa wanakimbizana ndani. Nichukue yupi? Na kuruka nianze kumfundisha lini? Kuna mtu kaniambia miezi minne inatosha.

fito_kumi_na_mbili
Mkuu karibu. Nianze na hilo la umri maana ndo linaloharibu mbwa wengi. Miezi minne usimrushe kabisa! Mifupa ya mtoto wa mbwa inarefukia kwenye sehemu laini zilizo karibu na ncha, na kwa mbwa wa kimo hiki hazijakomaa mpaka afike kama mwaka, wengine mwaka na nusu, sasa ukimrusha juu kila siku au ukampindisha kwenye zile fito 12 zilizosimamishwa mstari mmoja kabla ya hapo unaweza kumwachia maumivu ya maisha. Ndo maana mashindano ya kanuni za FCI (shirikisho la kimataifa la mbwa) hayapokei mbwa ambaye hajafikisha miezi 18. Ila huo muda una kazi nyingi, mfundishe kuzunguka koni kushoto na kulia, kupita juu ya fito zilizolazwa chini, handaki fupi lililonyooka, kusubiri mpaka umruhusu, na kuifuata mikono na mabega yako, maana uwanjani mbwa anausoma mwili wako kabla hajasikia mdomo.

Kuhusu Border Collie, huyu niliye naye ni wa pili, na yule wa kwanza nilimkosea. Niliamini mbwa mwenye nguvu dawa yake ni kumchosha, asubuhi mpira, jioni mpira, akizidi kusumbua namwongezea, kumbe nilikuwa namjengea pumzi tu. Alipofika miezi minane hakuwa na uwezo wa kutulia, analala sekunde mbili anainuka, anazunguka meza, anakuja kuniwekea mpira miguuni. Baiskeli ikipita nje anashusha kichwa, kidevu karibu kiguse ardhi, mguu mmoja wa mbele unabaki hewani, macho hayapepesi, ukimwita hata sikio halichezi. Lile jicho ndo kazi aliyozaliwa nayo. Wachungaji wa mpakani mwa Uingereza na Uskoti walichagua mbwa anayeweza kusogeza kondoo kwa kuwakazia macho bila kubweka, na Old Hemp, aliyezaliwa 1893, yumo kwenye ukoo wa karibu Border Collie wote wa leo. Kwa hiyo watoto wako wakikimbizana sebuleni yeye anaona kundi limetawanyika, atawazunguka, na wasipokusanyika atawabana kisigino kwa meno.

Huyu wa pili somo lake la kwanza lilikuwa mkeka. Chakula cha asubuhi anakipata pale, punje moja moja, na anapewa akiwa amelala na nyonga imelegea upande, akiinuka mkono wangu unarudi mfukoni. Baadaye tukauhamishia huo mkeka pembeni mwa uwanja wakati wenzake wanakimbia. Uwanjani zamu yake haimalizi dakika moja mkuu, saa zote zilizobaki unaishi naye nyumbani, mchague kwa hizo saa.

nyayo_nne
Naunga mkono Sheltie kwa sababu ya watoto. Asili yake visiwa vya Shetland, kimo chake ni kama sm 33 hadi 41 begani, na mashindano yanagawa mbwa kwa urefu kwa hiyo hatashindanishwa na Border Collie. Anajifunza haraka mno. Lakini jiandae, anabweka! Na wengi wao ni wepesi kushtuka sauti. Wangu ule ubao wa bembea, unaoinama mbwa akiupita katikati, ulipogonga chini mara ya kwanza alitoka mbio akajificha nyuma yangu, tukarudi hatua ya kwanza kabisa, nikaweka godoro kuukuu chini ya ncha ili isitoe mlio, nikainyanyua kidogo kidogo kila baada ya siku kadhaa, mpaka siku moja akaugongesha mwenyewe akageuka kunitazama mkia unatikisika. Nilikaa chini nikamkumbatia.

kola_nyekundu
Wadau hamjagusa afya. Kabla ya kulipia mtoto yeyote dai vipimo vya wazazi: picha za nyonga, macho, na jeni la MDR1. Hilo la mwisho lipo sana kwa Aussie, Sheltie pia, Border Collie ni nadra. Mbwa mwenye kasoro hiyo baadhi ya dawa zinamwingia kwenye ubongo, mojawapo ni ivermectin ikipita kiwango kidogo, na hiyo ndo dawa ya minyoo wanayopewa mifugo, kwa hiyo hata kinyesi cha mnyama aliyetibiwa karibuni asikile. Mwambie daktari wa mifugo mapema.

Lingine, zile rangi za madoa ya merle watu wanazipenda sana, ila wazazi wote wawili wakiwa merle, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne anarithi nakala mbili za jeni hilo na hao wako kwenye hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi au vipofu. Anayezalisha hivyo muache, hata kama watoto ni wazuri namna gani. Na Aussie jina lisikuchanganye, jamii hii ilikuzwa Marekani. Hatumii jicho kama Border Collie, anasukuma kwa mwili, ana nguvu, anafaa ajiliti vizuri tu ila naye anabana visigino.

mbio_za_asubuhi
Asanteni sana, mmeniokoa. Moyo umehamia kwa Sheltie, kesho natafuta wazalishaji na nitadai vipimo vyote. Swali la mwisho, zile sehemu za rangi mwishoni mwa daraja na paa la A (mbao mbili zilizoegemezana) ambazo mbwa lazima azikanyage akishuka, mzee wangu alikuwa anaziruka kila mara. Huyu nimfundisheje?

fito_kumi_na_mbili
Anza na ubao uliolala sakafuni. Miguu ya nyuma juu ya ubao, ya mbele chini, ndo analipwa, na mpe chakula chini kabisa katikati ya miguu yake ya mbele asiwe anakutazama usoni. Akishalijua hilo hata ukikimbia ukampita anabaki pale, inua upande mmoja wa ubao kwa tofali moja. Wangu tulikaa kwenye tofali hilo wiki tatu.