Mtoto wa miaka 19 kubeba pombe ambayo haijafunguliwa kwenye gari, California: sheria inasemaje?

mama_sac
Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa wanaozijua sheria za California. Jumamosi tuna sendofu. Vinywaji vimeshanunuliwa na viko kwa wifi yangu Stockton: katoni 4 za bia na boksi 2 za mvinyo, hakuna hata chupa moja iliyofunguliwa. Mwenye nafasi ya kuvileta ukumbini Sacramento ni kijana wangu wa miaka 19. Leseni anayo na pombe hagusi. Nimeambiwa vikikaa kwenye buti na vizibo havijaguswa hakuna neno. Ni kweli?

msoma_vifungu
Si kweli. Hao wamekuchanganyia sheria mbili. Buti na kizibo ni habari ya sheria ya chombo cha pombe kilichofunguliwa ndani ya gari, inayomhusu kila dereva, hata mzee wa miaka 60. Kwa aliye chini ya miaka 21, California ina kifungu chake, namba 23224 cha sheria ya magari: asiendeshe gari huku akijua kwamba limebeba pombe. Imefungwa, iko kwenye buti, iko kwenye kapu la shangazi, yote sawa. Na kutokunywa kwake hakumsaidii, kwa sababu kosa ni kubeba.

Anaruhusiwa akiwa amefuatana na mzazi, au ndugu mtu mzima anayewajibika, au mtu mzima mwingine ambaye mzazi amempa kazi hiyo ya kusafirisha. Pia aliyeajiriwa na biashara yenye leseni ya pombe, akiwa kazini ndani ya saa zake za kawaida.

Akipatikana na hatia ni kosa la jinai, usilifananishe na tiketi ya maegesho: faini hadi dola 1,000, au jela ya kaunti hadi miezi 6, au vyote viwili. Halafu leseni inasimamishwa mwaka mzima, na hiyo ndiyo inayouma.

mama_sac
Mungu wangu. Na kama ni mimi mzazi niliyemtuma?

msoma_vifungu
Hapo una mlango. Kifungu hichohicho kinasema aliye peke yake ana utetezi kamili kama alikuwa anafuata, bila kuchelewa, maagizo ya busara ya mzazi, mlezi wa kisheria au ndugu mtu mzima kuhusu kile kinywaji. Lakini elewa neno "utetezi". Linasemwa mbele ya hakimu. Askari wa barabarani anaweza kukusikiliza vizuri na bado akaandika.

Kwa hiyo acha maandishi. Mtumie meseji kabla hajaondoka, kwa Kiingereza, maana hakimu hasomi Kiswahili, na itaje vitu hivi: wewe ni nani kwake, achukue nini na ngapi, kwa nani, saa ngapi, apeleke wapi, amkabidhi nani. Mfano: achukue katoni 4 na boksi 2 kwa shangazi yake Stockton saa 8 mchana, aende moja kwa moja ukumbini, amkabidhi baba yake kabla ya saa 10, asifungue chochote. Risiti ya dukani awe nayo.

Utetezi huu unafia kwenye "bila kuchelewa". Stockton hadi Sacramento haifiki saa moja. Akisimamishwa saa 3 usiku nje ya nyumba ya rafiki yake, meseji yako inageuka ushahidi dhidi yake.

lowell_hadi_leo
Wa majimbo mengine msinakili hayo. Na hapa ndipo undugu wetu unapotuponza. California inamkubali shangazi. Texas haimtambui: aliye chini ya 21 anaruhusiwa kuwa na pombe mbele ya macho ya mzazi, mlezi wa kisheria au mwenzi wake wa ndoa aliye mtu mzima. Mama mdogo, baba mkubwa, "uncle" wa kanisani, wote hawamo. Kosa la kwanza ni faini hadi dola 500, darasa la pombe, saa 8 hadi 12 za kazi za jamii na leseni kusimamishwa siku 30.

Massachusetts nayo inataka mzazi au mlezi wa kisheria, na neno "kusafirisha" limo ndani ya sheria yenyewe. Faini ya kwanza haizidi dola 50, watu wanacheka, kisha leseni inaondoka siku 90.

mama_sac
Gari limeandikishwa kwa jina lake. Kuna tofauti?

msoma_vifungu
Ipo. Gari likiwa kwa jina la mkosaji aliye chini ya 21, linaweza kushikiliwa siku 1 hadi 30 kwa gharama yake. Tumieni la baba.

fundi_wa_makaratasi
Niongeze mawili. Askari akiomba kufungua buti, kijana anaweza kusema kwa adabu kwamba haruhusu upekuzi. Ila chupa zikionekana kiti cha nyuma, sababu ya kupekua ameshaipata bila hati ya mahakama. Kanuni hiyo ilitokana na pombe hasa: kesi ya Carroll ya mwaka 1925, wiski na jini zilizofichwa ndani ya viti vya gari huko Michigan.

La pili, kama hajawa raia asikimbilie kulipa faini ili yaishe. Kulipa mara nyingi ni kukiri. Fomu ya uraia, N-400, inauliza kuhusu kukamatwa na hata kuandikiwa tiketi. Aongee kwanza na wakili wa uhamiaji, na nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama aitunze.

mama_sac
Asanteni sana. Basi wifi atapanda naye. Swali la mwisho: wifi akishuka Elk Grove kwa mshonaji?

msoma_vifungu
Kuanzia hapo kijana yuko peke yake, amebaki na meseji tu. Mshonaji asubiri, wifi ashukie ukumbini.