Kila mtu anasukuma maji kwa jirani, halafu tunasingizia tabianchi

Wakuu, heshima kwenu, ila leo nimechoka.

Huku kwetu kando ya Mto Msimbazi wingu likitanda tu, watu hawakimbilii nguo walizoanika. Wanakimbilia vyoo. Wanatapisha! Uchafu wa nyumba nzima unafunguliwa ushuke na mvua kwa walio chini, kwa sababu gari la kunyonya majitaka ni hela na mvua ni bure. Wengine wanatoa viroba vya taka walivyolundika uani, wanavitumbukiza mtaroni. Mtaro ukiziba na maji yakaingia sebuleni, utawasikia: "Haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi, jamani."

Sikatai, mvua zimekuwa kali. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu takriban 40 hapa Dar, waliobomokewa wakapelekwa Mabwepande. Aprili 2024 Waziri Mkuu alisema bungeni kuwa mvua za El Niño zimeua watu 155. Najua pia kwamba Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa ya dunia. Sasa kama balaa la wenzetu linatufikia hata bila kosa letu, ya nini kuliongezea la kwetu?

Kuna jirani kamwaga kifusi, lori baada ya lori, mpaka mto umebaki upenyo. Juu yake kapandisha ukuta. Maji yaliyokuwa yanapita kwake sasa yanapita kwetu. Nilimfuata kistaarabu, akanijibu kila mtu alinde mali yake. Vijana wanaochimba mchanga mtoni ukiwasema wanakuuliza utawalisha wewe, na hao kidogo nawaelewa, maana njaa haina subira. Mwenye ghorofa na magari mawili nimwelewe vipi?

Kwenye kikao cha mtaa tulitaka kila nyumba ichange tuzibue mtaro. Wa mwinukoni wakagoma, eti maji hayawafikii. Na taka zinashuka kutoka kwao hukohuko! Mmoja akasimama kabisa: tabianchi ni miradi ya wazungu ya kulia hela. Huyohuyo, lilipotajwa suala la fidia kwa wanaohamishwa kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi, alihaha kutafuta kibanda bondeni aandikishwe.

Na msinijie na "wewe ulifuata nini bondeni". Nyumba aliiacha marehemu baba, na iko nje ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita hizo 60 kutoka mtoni. Yaani aliye ndani ya katazo analala pakavu, sisi wa nje yake ndio tunaopandisha magodoro juu ya meza.

Wanasheria mliomo humu, nianzie wapi? NEMC (wale wa mazingira), bodi ya maji ya bonde, au niende moja kwa moja mahakamani? Mjumbe msinitajie. Ni mpangaji wa huyohuyo mwenye kifusi.